Kioo cha Kushoto

Baba yangu uliye barabarani,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, kile ulichokitoa kwenye gari bovu ukakichomelea miguu ya chuma, mbele ya vioo vitatu vilivyozimwa. Mama yuko uani anachambua maharage aliyokwisha kuyachambua asubuhi. Simu yako haipatikani. Bosco, aliyekuwa konda wako, ndiye aliyekuja kutuambia baada ya chai: umeonekana Nyabibuye, mpakani, umeshika usukani wa basi la Alhaji, tajiri wako wa zamani, unapakia wakimbizi wa Burundi kuwaleta kambini Nyarugusu. Sisi ulituaga kwamba unakwenda kuangalia mihogo shambani.

Naogopa, Baba. Ndiyo maana naandika. Siitii barua hii kwenye bahasha. Mama ataisoma, Bosco ataisoma, na mtu yeyote ambaye baba yake huamka alfajiri kwenda kuwasha gari aisome akitaka. Jambo letu mimi na wewe limekaa ndani ya chumba hiki muda mrefu mno. Sasa limetoka lenyewe, liko kwenye barabara ya vumbi, limebeba watu.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Mwanza? Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo, na wewe ulikuwa dereva wa Kasulu na Kibondo, basi hilihili la Alhaji. Ulikuwa umefuata spea, lakini spea hukuitaja kabisa. Ulizungumzia duka uliloliona huko, ambamo vijana hukaa kwenye kiti cha gari, wakashika usukani na kushindana mbio mbele ya vioo vitatu vya kompyuta vilivyopangwa nusu duara.

"Siyo televisheni, mama," uliniambia, maana tangu nikiwa mdogo uliniita mama. "Ni kioo cha mbele na madirisha mawili. Ukikaa pale uko barabarani."

Mama akasema kumbe mtu mzima anataka kucheza gari.

"Wenzangu wanacheza bao," ulimjibu. "Mimi nikicheza gari, nani ataumia?"

Maneno hayo yamekuwa yakinirudia tangu asubuhi. Siku ile tulicheka wote. Ulisema ukistaafu hutaki kukaa kibarazani kuhesabu wapita njia. Utafungua chumba hapa Kasulu, watoto wa mjini waje washindane mbio bila kumwaga tone la petroli wala la damu. Usukani ulikwisha kuununua. Kompyuta tungeipata kwa Fundi Rajabu. Vilibaki vioo, na kazi ya kuvichagua ukanipa mimi kwa sababu nilikuwa msomi wa nyumba.

Niliichukua kwa uzito wote, unanijua. Nilikwenda mgahawa wa intaneti nikasoma wanavyochagua watu wa mbali. Vyote vitatu viwe ndugu: ukubwa mmoja, umri mmoja, rangi moja. Ukingo uwe mwembamba, ili picha isikatike inapovuka kutoka kioo kimoja kwenda kingine. Visiwe vya aina inayofifia ukiitazama kwa ubavu, maana vioo viwili kati ya vitatu mtu huviona kwa ubavu. Nilikusomea yote hayo ukiwa unapaka mafuta viatu vyako, na kwenye habari ya ukingo ukainua kichwa.

"Hapo wamesema kweli. Ile nguzo ya pembeni ya kioo cha basi inaficha mtu mzima na mbuzi wake."

Duka la Fundi Rajabu lilikuwa nyuma ya soko. Baba yake alitoka Tanga na mzigo wa nguo, akaoa hapahapa, akaacha mtoto mwenye Kiswahili cha pwani na Kiha cha sokoni. Wakati ule alikuwa amejaza vitu alivyonunua kwenye ofisi za mashirika yaliyokuwa yakifunga kazi zao kambini: viti vya kuzunguka, printa, na vioo vimesimamishwa ukutani kama vitabu.

"Suka, chukua hivi viwili vikubwa vya pembeni, hiki kidogo weka katikati," alikuambia, maana kila dereva alimwita suka.

"Basi gani lina kioo cha mbele kidogo kuliko dirisha?"

"Lako lile, tangu kioo kipasuke mkabandika plasta."

"Rajabu, lile basi limekupeleka Kibondo kuoa mke wa pili."

"Ndiyo maana silisemi vibaya kwa sauti."

Tuliviwasha kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa cha manjano kama mtu mwenye homa ya ini. Kimoja kiliacha mkia nyuma ya kila kitu kinachokimbia, gari jekundu likawa na kivuli chekundu. Kimoja kilikuwa kizuri sana ukikikabili, lakini nilipokaa pembeni picha ikageuka majivu. Fundi Rajabu akasema hicho tusikitukane, hicho ni cha mhasibu, mtu asiyetazama kando. Mwishoni tukapata vitatu vilivyotoka ofisi moja, inchi ishirini na mbili, ukingo mwembamba kama kidole cha mtoto. Ulivigusa kwa mgongo wa mkono kama mtu anayepima joto la mgonjwa, ukasema hivi ndivyo.

Bosco alikuja kusaidia kubeba. Alitia kimoja kichwani juu ya kata ya kitenge, akawa anakutania njia nzima. "Mzee, ukiwa na barabara yako nyumbani, kazini utakumbuka kuja kweli?"

"Nitakuja kukuangalia wewe unavyoiba chenji."

Chumbani nilikukalisha kwenye kiti hiki. Nilichukua uzi wa kushonea magunia, nikashika ncha moja kwenye ncha ya pua yako, nikauvuta hadi katikati ya kila kioo, ili umbali uwe sawa. Uzi ulikutekenya ukacheka mpaka ukapiga chafya. Nilikuwa na furaha iliyotulia, ya mtu aliyefanya jambo likakaa mahali pake. Naikumbuka kwa sababu haikunirudia tena mbele ya vioo hivi.

Siku za mwanzo uliendesha kama mtoto. Mchezo wenyewe ulikuwa wa magari ya mbio kwenye barabara za vumbi, na kila kona uliipa jina la huku kwetu. Kisha ukaanza kulalamika.

"Mama, hiki cha kushoto kinachelewa."

"Kinachelewaje?"

"Gari halipo, halipo, halafu lipo ubavuni. Linaruka."

Sikuwa na wasiwasi. Kilikuwa kioo cha mkononi, ningeshangaa kama kisingekuwa na kasoro. Na nilijua namna ya kuitafuta: kama kioo ndicho kibovu, ukikihamisha, ubovu utahama nacho. Nikakitoa kushoto nikakipeleka kulia, cha kulia nikakileta kushoto. Ukakaa, ukaendesha, ukagonga.

"Cha kushoto kinachelewa."

Nikabadilisha nyaya. Ukagonga. Fundi Rajabu akaja, akafungua kompyuta, akasema basi ni kadi inayogawa picha; akaondoka nayo, akarudi na nyingine siku iliyofuata. Alasiri ile mlango ulikuwa wazi na mwanga ulikuwa wa kutosha. Yeye alisimama kulia kwako, mimi nyuma. Ulikuwa unaendesha vizuri. Nikaliona gari la bluu likiingia kwenye kioo cha kushoto, mwanzoni kabisa, kwenye ukingo. Halikuruka. Lilipita mti, likapita mti mwingine, likaja polepole kama ng'ombe anayerudi zizini. Nilikuwa na muda wa kusema. Sikusema kwa sababu niliamini unaliona. Wewe ulikata kona kuelekea kushoto kana kwamba uko peke yako duniani.

"Mmeona?" ulisema baada ya kugonga. "Limeruka tena."

Fundi Rajabu alinitazama juu ya kichwa chako. Alianza kuokota bisibisi zake moja moja. "Suka, kesho nitakuletea kebo nyingine," alisema, na wote wawili tulijua hakukuwa na kebo nyingine.

Alipoondoka uliendelea kucheza. Nilisimama nyuma ya bega lako la kushoto, nikainua mkono wangu usawa wa sikio lako, nikaanza kuupeleka mbele taratibu. Ukapita sikio. Ukapita shavu. Nilikuwa nachezesha vidole kama mtu anayemwita mtoto mchanga, na wewe ulikuwa unaendesha. Mkono ulikuwa umekaribia pua ndipo uliposhtuka.

"Unafanya nini wewe?"

"Inzi," nilisema.

Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Baba, kabla ya siku ile nilidhani woga ni kitu kinachokuja kutoka nje: nyoka, majambazi wa msituni, mtihani. Sikujua kwamba unaweza kukaa miaka mingi ndani ya mtu unayempenda, akala nao chakula, akaamka nao kwenda kazini, huku abiria wakimwambia safari njema.

Asubuhi ulipoondoka nilisimama kando ya barabara nikitazama basi likipita. Nilikuwa siangalii basi. Nilikuwa naangalia watu waliokuwa wakitembea upande wa kushoto: wanafunzi wenye majembe, mama mwenye kuni, mzee na redio yake. Huku kwetu gari hupita kushoto, na watu hutembea palepale gari linapopita. Upande uliokufa ndio upande wenye watu.

Mliporudi nilimvuta Bosco pembeni stendi. Hakunizungusha.

"Dada, wewe umejua lini?"

"Jana."

"Mimi tangu masika." Akapiga bati la basi kwa kiganja. "Kofi moja, kuna mtu kushoto. Mawili, pana nafasi. Mzee ananisikiliza mimi kuliko kioo."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Alhaji akimtoa mzee, dereva mpya anakuja na konda wake. Mimi nina watoto." Alitazama chini, kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Halafu anaendesha vizuri, dada. Hiyo ndiyo inayonitisha. Anaendesha vizuri."

Nilikuambia Jumapili baada ya ibada. Ulikuwa kwenye kiti hiki, na nilikuja nikasimama upande wa kulia.

"Baba, kioo hakichelewi. Ni macho yako. Kushoto huoni."

Ulizima mchezo. Ulikaa umeshika usukani wa gari lisilokwenda.

"Nani mwingine anajua?"

"Bosco. Na Fundi Rajabu."

"Na mama yako," ulisema. "Miaka yote kanisani amekaa kushoto kwangu. Siku hizi anakaa kulia. Hajasema kitu, amehama tu." Kisha ukanigeukia na mwili mzima. "Unadhani vioo hivi nilivitafutia nini, mama? Nilitaka nijifunze kugeuza shingo. Hapa nikigonga, hagongwi mtu."

"Kwa hiyo ulijua kwamba hakichelewi."

"Nilikuwa naomba kiwe kinachelewa."

Nikakusihi twende hospitali. Ukasema daktari akishaandika ameandika, na leseni haina sehemu ya kuonewa huruma. Ukasema nikupe muda. Na kweli ulijifunza. Kila alasiri ulikaa hapa ukiendesha na kugeuza shingo, mbele, kushoto, mbele, kushoto, mpaka Mama akasema unafanana na kuku anayesikiliza mwewe. Magari ya bluu yakaacha kukugonga. Ukaanza kushinda. Ulipiga kelele ya ushindi nami nikapiga makofi, na moyoni nilikuwa nazidi kuogopa, kwa sababu vioo hivi vilikuwa vinakufundisha kujiamini. Ndani yake magari yanatoka mahali palepale kila siku. Mtoto anayekimbiza mpira hatoki mahali palepale.

Wiki ambayo Bosco aliugua malaria, Alhaji aliweka konda wa muda, kijana wa deiwaka ambaye alisimama mlangoni na vizibo vya simu masikioni. Nilipanda. Nilikaa kiti cha mbele kushoto, na uliponiona hukuuliza ninakwenda wapi. Tulitoka Kasulu tukapita vijiji vyote vya njiani, na uligeuza shingo vizuri sana, Baba, kama ulivyojifunza. Nilianza kukuamini. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba mimi mwenyewe, niliyeupitisha mkono shavuni mwako, nilianza kukuamini.

Mbele ya njia ya kwenda Kumsenga kuna mteremko. Mama mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Uligeuza shingo kushoto wakati amefichwa na nguzo ya kioo. Ukarudisha macho mbele. Akatoka nyuma ya nguzo.

"Baba, kushoto."

Ulikanyaga breki mpaka vitu vikamwagika. Ubavu wa basi uligusa ndizi, baiskeli ikalala, na yule mama akawa amesimama mtaroni, mzima, mikono bado imekunjwa kama aliyeshika usukani wa baiskeli. Ulishuka. Nilishuka nyuma yako.

"Ntiwambonye?" alikuuliza kwa Kiha, hukuniona?

"Sikukuona," ulisema.

Nilikuwa sijawahi kuyasikia maneno hayo kinywani mwako. Alicheka. "Basi kubwa hivi, jicho dogo hivi." Ulichuchumaa ukaokota ndizi zilizochomoka, ukaziweka kwenye kitenge chake, na abiria wakawa wanakuita kwamba dereva twende. Ulipanda ukaendesha hadi Kibondo na mimi nimesimama mlangoni nikipiga bati. Kofi moja. Mawili. Kiganja kilivimba. Kufika, ukampelekea Alhaji ufunguo dukani kwake ukamwambia ni mgongo, umechoka. Akakupa pole, akakumiminia kahawa. Neno la macho halikusemwa, na mimi niliona ufunguo ukibaki juu ya kaunta nikadhani inatosha.

Kisha ulikubali kwenda hospitali. Unakumbuka daktari alivyozungumza taratibu, kana kwamba masikio ndiyo yaliyokuwa mabovu. Presha ya macho, alisema. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaliwa pembeni. Kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki, tena ni ya maisha. Tulitoka nje ukasimama juani ukauliza, "Kilichobaki kinatosha nini?" Nikasema kinatosha kutuona sisi. Ukasema basi kinatosha.

Nilikwenda chuo Dodoma nikiwa na amani ya namna fulani. Ulifungua chumba. Ukipiga simu nilisikia nyuma yako watoto wa Kasulu wakitambiana, huyu hajui gia, yule aende akaendeshe punda. Ulikuwa unawaambia washike usukani kwa mikono miwili. Nilidhani yamekwisha.

Mwaka huu watu wakaanza kuvuka tena. Nilipokuja likizo nilikukuta umepunguza sauti ya mchezo ili usikie redio. Nilipouliza, ulisema ni habari tu. Lakini najua mpaka ule ndio Bibi alikuvusha ukiwa mgongoni, na najua kuhusu lile lori lililowachukua, na dereva ambaye hamkupata hata jina lake. Ulitusimulia mara nyingi alivyowapa watoto mahindi ya kuchoma. Ningepaswa kujua kwamba Alhaji akisema madereva hawatoshi, wewe utasikia jina lako.

Simu yako ilipatikana mara moja tu leo. Nyuma yako kulikuwa na injini na watoto wanalia.

"Haloo, mama."

"Baba, shuka."

"Watu wanalala chini ya miti huku. Hakuna madereva."

"Shuka, Baba, nakuomba."

"Mama, na mimi nilibebwa. Yule dereva hakutuuliza kitu."

"Yule dereva alikuwa anaona."

Nikakuuliza ni nani anayepiga kofi.

"Hakuna konda," ulisema. "Hawa hawalipi nauli, konda wa nini?" Kisha mtandao ukarukia ng'ambo ya mpaka, ukapotea.

Tangu hapo nimekuwa nikiliona basi kichwani. Naliona likitoka Kakonko, naliona Kibondo, vumbi upande wote. Ndani kuna akina mama ambao wamekimbia usiku na mchana, na sasa wamelala kwa sababu hatimaye wamekaa kwenye kiti. Wamekuamini, Baba, kama mimi nilivyokuamini kwenye mteremko ule. Nje, upande wa kushoto, kuna watu wanaotoka shamba. Nimekwenda kabatini kutafuta dawa yako ya macho. Chupa zote ziko pale na vizibo vyake havijafunguliwa. Mama anasema ulimwambia zinachoma. Sijui jicho la kulia limebaki na nini. Hata wewe hujui, na lile gari la bluu halipo la kukuonyesha.

Nimempigia Alhaji. Mama alikuja akasimama mlangoni na maharage mkononi akasema, "Mwache baba yako, ni mtu mzima, atakufa kwa aibu." Nikampigia akiwa ananitazama. Nilimwambia yote: kioo, mkono wangu, Bosco na makofi yake, baiskeli ya ndizi, daktari.

"Binti, unajua unasema nini? Gari hilo lina watu."

"Najua, Alhaji. Ndiyo maana nasema."

"Aliniambia ni mgongo."

"Siyo mgongo."

Nikamsikia akikaa, kiti kikalia. "Amekwisha kupita hapa Kibondo," alisema. "Amenipungia mkono." Kisha akasema dereva mwingine atapanda Nyarugusu mkifika, na kwamba wewe usiguse tena gari lake hata kuliosha. Aliyasema kwa uchungu, siyo kwa hasira. Mama amerudi uani.

Kwa hiyo unavyosoma haya, kama utayasoma, umekwisha kunyang'anywa ufunguo, na aliyekunyang'anya ni mimi. Naogopa hilo nalo. Naogopa utakavyonitazama, na utakavyotembea mjini watu wakijua. Naogopa siku ambayo jicho la kulia nalo litasema basi, na wewe umekaa ndani, na umekaa kwa sababu yangu. Lakini hofu hizo zote nimeziweka kwenye mizani na mama mmoja ninayemwona kando ya barabara, ambaye simjui, na ambaye leo huenda hajakutana nawe bado. Amezizidi zote.

Bosco amefika na pikipiki, anapiga honi nje. Tunakwenda njia panda ya kuingilia kambini tukungoje. Nimechukua dawa. Amesema asimame kushoto apige kelele kama zamani. Nimemkatalia, sitaki tena mtu akufichie. Mimi nitasimama upande wa kulia wa barabara, kwenye mwanga, nimevaa lile gauni la njano uliloninunulia nilipofaulu. Utaniona kutoka mbali, Baba. Ukiniona, kanyaga breki taratibu, usiwaamshe.

Anayekuja kukupokea,

Binti yako wa kwanza